Chai ya Posa

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Hodi ikipigwa sijajiandaa, naangusha nilichoshika. Lakini alasiri ile niliyosimama jikoni kwa baba yangu huko Olmotonyi, chini ya Mlima Meru, kopo la majani ya chai mkononi, nisijue nitie au nisitie, niliogopa kuliko nilivyokuja kuogopa leba. Mtoto nilijua atatoka tu, kwa njia moja au nyingine. Chai sikuwa na uhakika nayo.

Najua utacheka. Ngoja nieleze kwanza utaratibu wa kwetu, ndipo ucheke vizuri.

Sisi ni Wameru, na katika ukoo wetu watu wa posa hawagusi kitu mpaka wajibiwe. Zamani kilichokuwa kinawasubiri kilikuwa pombe. Babu alipobatizwa akaifukuza pombe nyumbani kwake, akaweka chai mahali pake, na mengine yote akayaacha yalivyokuwa. Wageni wanaketi, wanasalimiwa, wanasema lililowaleta. Mwenye binti akikubali, anapaza sauti kuelekea jikoni: "Leteni chai!" Hapo mambo yamekwisha. Hakuna hotuba. Asipokubali, haiti chai. Anaanza kuzungumzia mvua na mahindi, wageni wanaelewa, wanaaga na midomo mikavu. Wanaweza kurudi mara ya pili. Mara ya tatu hakuna, hiyo inahesabiwa kujidhalilisha, na watu wenye heshima zao hawaji.

Na chai yenyewe anaiandaa binti anayeposwa, si mwingine. Wanawake wa upande wa pili wanainywa huku wanakutazama. Ikiwa chungu, wewe mzembe. Ikiwa nyepesi, wewe mchoyo. Ikichelewa, basi kwenye nyumba yao wageni watakuwa wanakufa njaa. Shangazi yangu, dada yake baba, alinieleza haya yote kwa furaha kabisa, akidhani ananisaidia.

Mimi chai nilijifunza kwa shida. Mama alifariki mwaka niliomaliza kidato cha nne. Kaka zangu wawili walikuwa wameshaondoka, mmoja Dar es Salaam, mwingine Mwanza, na mimi ndiye kitinda mimba. Tukabaki nyumbani wawili, baba na mimi. Baba alikuwa mtu wa msituni, miaka yake yote ya kazi aliitumia kupanda miti na kuihudumia huko juu, na huko kambini hakukuwa na maziwa. Ndiyo maana alipenda chai ya rangi. Majirani wote walichemsha majani, maziwa na sukari pamoja kwenye sufuria mpaka inapanda kutaka kumwagika. Baba akipewa ile anashukuru, anainywa, ila ukimtazama unaona anakunywa adabu tu. Yake ilikuwa ya majani yaliyolowekwa kwenye buli, nyekundu, safi, bila moshi. Mama aliijua. Mimi niliyekulia humo humo sikuwahi kutazama anafanyaje, kwa sababu nani anatazama chai ikiandaliwa?

Basi asubuhi ya kwanza baada ya watu wa msiba kutawanyika, nikaichemsha. Nikayachemsha yale majani kama maharage, haki ya Mungu. Nikamwekea baba kikombe, akaniambia asante, akanywa nusu, akaenda zake kazini, kwenye shamba la miti. Kasoro hakuitaja. Afadhali angesema! Baba hakuwa mtu wa kusema. Alikuwa anaacha chai kwenye kikombe, na wewe ujue mwenyewe.

Nikaanza kukikagua kile kikombe kila asubuhi. Akiondoka tu, mimi mbio mezani. Kimebaki nusu. Kimebaki robo. Leo kimebaki tena nusu, nimeharibu nini? Nilikuwa nasimama pale na kikombe cha mtu mkononi, nakumbuka kila nilichofanya tangu kuwasha moto. Nilikuwa na hofu ya kijinga kwamba nikishindwa hata chai, baba ataona kabisa kwamba mama hayupo. Kana kwamba alikuwa hajaona.

Kuna kipindi kikombe kilikuwa kinarudi karibu kimejaa, siku baada ya siku, nikakonda. Nilibadilisha maji, nikabadilisha kuni, nikasugua buli mpaka likataka kutoboka. Nikaja kugundua siku niliyofungua kabati kutafuta sabuni. Mama alikuwa anaweka kopo la majani peke yake, juu ya rafu karibu na dirisha. Mimi kwa usafi wangu nikalihamishia kabatini, ubavuni mwa sabuni ya mche na kibuyu cha mafuta ya taa, na kifuniko chenyewe kilikuwa kimelegea. Nikanusa yale majani. Jamani! Baba yangu alikuwa ananyweshwa maji ya kufulia, na kila asubuhi anasema asante. Nilikaa chini pale jikoni nikacheka, kisha nikalia, kisha nikayamwaga yote kwenye migomba.

Polepole nikajua. Maji nayachota mapya, hayalali kwenye birika. Yakichemka mara moja na kuanza kurukaruka, yanatosha. Ukiyaacha yachemke, yapoe, yachemke tena, yanachoka, na chai yake inakuwa haina uhai. Buli nalisuuza kwanza kwa maji ya moto ili lisiyapoze yale mengine. Majani yanatangulia, maji yanafuata juu yake, nafunika na kitambaa. Kisha usiguse, usikoroge, usichungulie. Kwa mtu kama mimi hapo ndipo penye mateso. Nilikuwa nachungulia kila mara mpaka nikajitafutia dawa: nikishafunika tu nachukua ufagio, nafagia uwanja kuanzia mlango wa jiko mpaka kwenye geti la miti. Nikirudi, chai iko tayari. Nikifagia haraka inakuwa nyepesi. Nikisimama kusalimiana na mtu inakuwa chungu.

Asubuhi moja nikakuta kikombe kitupu. Nikakigeuza chini juu kuhakikisha. Kesho yake baba hakwenda zake shambani moja kwa moja. Alivuta kigoda akakaa jikoni na kikombe chake, nami nikakaa na changu, tukanywa. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kawaida yetu. Kuna siku alizungumza, habari za miti au za mvua, kuna siku alinyamaza mpaka mwisho. Miaka ile ofisi nyingi zilikuwa zinapunguza watu, na baba naye akapunguzwa, akarudi nyumbani na redio ya zawadi. Akawa hana pa kwenda asubuhi. Tukawa tunakaa zaidi.

Miaka hiyo hiyo ndiyo maduka yalianza kujaa. Wenzangu mnakumbuka. Sisi tuliokua tukipanga foleni kwenye duka la ushirika kwa ajili ya majani ya chai, ukifika dirishani unaambiwa yameisha chukua viberiti, tulikuwa tukishuka mjini tunashangaa tu. Pale Levolosi, alipokuwa anaishi shangazi, kila kibanda kina sukari, kina sabuni za rangi rangi, kina majani ya chai ya pakiti hizi na zile, mengine yana picha ya mama wa Kizungu ameshika kikombe. Watu wakasema ruksa, mambo yamefunguliwa. Baba alisema, "Yamefunguliwa kwa wenye funguo."

Na mimi, kati ya maduka yote yale, nikaangukia kwa kijana wa duka.

Tulikutana kwenye mashindano ya kwaya, yeye besi, mimi sauti ya pili. Mchaga wa Machame, Mlutheri mwenzetu, mpole, mcheshi, ana masikio makubwa kidogo. Baba yake alikuwa na duka la vyombo na vitambaa mjini karibu na soko. Kwenye miaka ya shida mzee huyo alikuwa anavusha mizigo mpakani Namanga kwa njia zake, kila mtu anajua, na mambo yalipofunguliwa biashara ile ile ikawa halali. Kwa baba yangu hilo lilikuwa doa. Yeye alikuwa mtu wa nidhamu za zamani, alipanga foleni na sisi hata pale alipoweza kupita mlango wa nyuma. Watu kama wale alikuwa na jina moja tu kwao: walanguzi.

Siku kijana alipokuja kusalimia mara ya kwanza, alileta zawadi. Maskini, alitaka kufurahisha. Alisikia kwamba mzee anapenda chai, akaleta boksi la majani yaliyofungwa kwenye vifuko vya karatasi, kimoja kimoja, na uzi wake. Mimi sikuwahi kuviona. Nikamwekea baba kimoja kwenye kikombe, uzi ukining'inia nje, kama kijana alivyonielekeza. Baba akashika uzi, akakiinua kifuko juu, kinachuruzika.

"Huyu panya aliyezama," akasema, "nani kanitilia?"

Nilicheka mpaka nikaona aibu. Kijana naye akacheka, akasema, "Shikamoo tena, mzee, naona nimeanza vibaya." Baba akaitikia marahaba bila kutabasamu. Kikombe kilibaki kimejaa. Usiku ule sikulala, nilikuwa nahesabu dhambi za kifuko kile.

Posa ya kwanza ilikuja baada ya Pasaka. Walikuja mshenga, baba mdogo wake kijana, na mama wawili waliovaa vitenge vya kushona. Shangazi alipanda kutoka Levolosi kuja kusimamia. Mimi jikoni nilikuwa nimeshapagawa. Nikawaza: baba akiita chai na chai haijaiva, watakaa wanatazamana, aibu hiyo nitaiweka wapi? Nikatia majani mapema. Nikafunika. Nikakaa. Baba haiti. Nasikia sauti zao kwa mbali, nasikia kicheko cha mshenga, baba haiti. Ile chai inazidi kukaa na majani yake, nikafunua, ikawa nyeusi tititi. Kisha nikasikia viti vinasogezwa. Mahindi yalikuwa yameshazungumzwa, na mvua. Wakaondoka.

Shangazi aliingia jikoni akaona buli. "We mtoto, umetia majani kabla hujaitwa?"

"Nilidhani ataita, shangazi."

"Umejiita mwenyewe! Ndiyo maana hakuita."

Hilo halikuwa na kichwa wala miguu, najua. Majani yangu jikoni yangemfanyia nini baba sebuleni? Lakini mtu mwenye wasiwasi umwambie jambo kama hilo, utamuua. Nililala nalo, nikaamka nalo. Asubuhi nikamwandalia baba chai, tukakaa kwenye vigoda vyetu, nami nikasubiri aseme japo neno moja. Alizungumzia fuko anayekula mihogo.

Kijana akaniletea ujumbe kupitia mwanakwaya mwenzetu: wazee wake watakuja tena mara moja, kwa heshima yake yeye, basi. Baba yake hakupenda. Alisema, kwani baba yangu na ukoo wake wanajiona nani? Mshenga ndiye aliyemtuliza. Kwa hiyo nikajua kabisa: wakiondoka tena hawajanywa, yamekwisha, na sitampata. Nilikuwa nampenda yule kijana, niseme wazi. Nilimpenda mpaka masikio yake. Kutoroka kwenda kwake sikuweza, sikuwa mtu wa hivyo, na baba angebaki anawaambia nini watu kanisani. Yote yalikuwa kwenye maneno mawili ya baba yangu, naye alikuwa anazungumza habari za fuko.

Wakaja Jumamosi moja, ukungu umeshuka kutoka mlimani Meru mpaka kwenye paa. Wageni wale wale walifika na pikapu, kijana mwenyewe ndiye dereva, na kwa kuwa mwoaji haingii ndani siku hiyo, akabaki amekaa garini nje ya geti. Nilimwona kupitia tundu la mbao za jiko. Alikuwa anafuta kioo kwa ndani na kiganja, kinaingia ukungu, anafuta tena.

Jiko letu lilikuwa nje, limeachana na nyumba kubwa kwa hatua chache. Wageni walipokaa tu, mvua ikaanza. Si mvua ya mchezo. Ilipiga bati mpaka mimi na shangazi tukawa tunapigiana kelele humo humo jikoni. Mungu wangu, nikasema, sasa akiita nitasikiaje? Shangazi akajitanda kanga kichwani akasimama mlangoni, sikio nje, macho kwenye dirisha la sebule.

"Bado," akasema.

Maji yakachemka. Nikayaepua.

"Bado wanasalimiana. Mshenga anaongea. Huyu mshenga naye, hamalizi."

Maji yakapoa. Nikayarudisha. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukajaa, nikafunika birika na sahani ili moshi usiingie. Yakachemka. Nikashika kopo la majani. Nikalifungua. Nikalifunga.

"Shangazi, nitie?"

"Thubutu!"

"Wakiita wakasubiri je?"

"Wasubiri. Kwani wamekuja kuzima moto?"

Nikataka kwenda kufagia, mikono yangu ilikuwa inautafuta ufagio yenyewe, lakini shangazi alishanikataza kuonekana uwanjani, na mvua yenyewe ile. Nikawa nazunguka jikoni, kutoka kwenye mafiga mpaka kwenye mtungi. Nikapanga vikombe. Nikavipangua, nikaona kimoja kina ufa, nikakificha. Maji yakachemka mara ya tatu, na mimi nilijua kabisa sasa yamechoka, chai yake itakuwa maji ya moto yenye rangi, na wale mama wawili watakunywa funda la kwanza na kutazamana. Nikawaza niyamwage nichote mengine. Je, nikiyamwaga halafu aite wakati huo huo? Nikabaki nayatazama.

"Nini kinaendelea?" nikamuuliza shangazi.

Alisogeza kichwa nje zaidi. Alikuwa amekunja uso. "Naona," akasema, "naona baba yako amesimama dirishani. Mshenga amenyamaza. Wote wamenyamaza."

"Anazungumzia mvua?"

"Hazungumzii chochote."

Nikakaa kwenye kigoda. Nilimwambia Mungu mambo mengi hapo, na mengine sikupaswa kumwambia, nilimuuliza kwa nini alimchukua mama, maana mama angemvuta baba pembeni akamwambia neno. Shangazi akaanza kulia, naye ndiye niliyemtegemea anitie nguvu. Nikamkasirikia. Nikakasirikia mvua, mshenga, kijana garini na vifuko vyake vya chai. Na zaidi nilimkasirikia baba, mtu ambaye nimemwandalia kikombe kila siku ya Mungu na hajawahi kuniambia ni kizuri, na sasa hata neno la kukataa hanipi, ananiacha nisikilize bati.

Mara shangazi akaruka nyuma. "Anakuja!"

"Nani?"

"Baba yako! Anakuja huku!"

Akaingia ameinama, bila mwavuli wala kofia, koti la kanisani limelowa mabegani. Kwetu mwenye binti haondoki mbele ya watu wa posa. Anaweza kukataa, anaweza kunyamaza, lakini haondoki. Nilijua basi, amewatukana, amewaacha, yamekwisha. Nikasimama.

Akamwambia shangazi, "Nenda ukakae na wageni. Waambie nakuja."

"Kaka, wewe umewaacha watu..."

"Nenda, mama."

Shangazi akaondoka na mvua yake. Tukabaki wawili. Baba akatazama birika.

"Maji yamechemka?"

"Yamechemka, baba. Yamechemka mpaka yamechoka."

"Yamwage. Teka mengine."

Nikayamwaga, nikateka mengine mtungini, nikaliweka birika motoni. Maji yakamwagikia kuni, zikafuka. Baba akavuta kigoda chake akakaa, akachochea moto mwenyewe. Tukasubiri. Watu wazima wanne wamekaa sebuleni kwetu, na baba anachochea moto! Nilishindwa kuvumilia.

"Baba," nikasema, "kama ni ile biashara yao ya zamani, yeye alikuwa mtoto. Hakuvusha hata kiberiti."

"Najua."

"Na baba yake siku hizi ana leseni, kila kitu."

"Najua." Akasogeza ukuni. "Wale watu hawana ubaya. Nilikuwa natafuta tu la kusingizia."

Sikuelewa. La kusingizia nini? Birika likaanza kuimba. Baba akainuka, akapangusa mikono kwenye suruali yake nzuri.

"Nionyeshe," akasema.

"Nikuonyeshe nini, baba?"

"Hii chai. Unavyofanya. Anza mwanzo."

Nikamtazama nikidhani ananipima kwa niaba ya wale mama. Hapana. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeuliza njia. Nikamwambia, kwanza tunasuuza buli. Akasuuza. Nikamwambia majani yanatangulia, buli hili ni kubwa, tia vijiko vinne vilivyojaa. Akatia, akimwaga mengine pembeni, kidole chake kinene hakijazoea kijiko kidogo. Nikamwambia sasa maji, juu yake, usiogope. Mvuke ukampiga usoni akafumba macho. Nikamwambia tunafunika, baba, hatuchungulii.

"Kwa muda gani?"

"Mimi huwa nafagia mpaka getini."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akatazama nje kwenye mvua, kuelekea getini, kule kwenye pikapu yenye vioo vyenye ukungu. Kisha akaenda mlangoni pa jiko, akashika mwimo, akapaza sauti kuelekea nyumba kubwa, sauti ya mtu aliyezoea kuitana msituni:

"Leteni chai!"

Jikoni tulikuwa sisi wawili tu, hakukuwa na wa kuambiwa alete zaidi yangu niliyesimama nyuma yake. Lakini sebuleni walisikia. Shangazi alipiga kigelegele kikashinda bati, wale mama wakakipokea, na huko getini nikasikia honi ya pikapu, mara moja, kama mtu ameiegemea kwa bahati mbaya. Nilianza kucheka na kulia kwa pamoja. Nikapanga vikombe kwenye sinia, na muda wa kufagia mpaka getini ulipopita nikamimina kimoja nitazame rangi. Ilikuwa nyekundu, safi, kama inavyotakiwa. Nikanyanyua sinia.

Baba alikuwa bado ameshika kopo la majani. Alikuwa anaangalia ndani yake.

"Hii ya leo ni ya watu wengi," akasema. "Na ya mtu mmoja je? Natia kiasi gani?"

Nikaliweka sinia chini. Miezi ile yote nilikuwa najiuliza baba ana nini na walanguzi.

"Kijiko kimoja, baba," nikasema. "Kisijae."

"Kimoja," akarudia. Akafunika kopo, akakaza kifuniko, akanisukuma begani taratibu nipeleke chai kwa wageni kabla haijapoa.